Namba za Kusomeka Hatua Kumi na Mbili

Naisula aliingia duka la vifaa vya umeme pale Karatu mjini akiwa ameshika chupa ya maziwa kwa ncha za vidole viwili, na harufu ikamtangulia mlangoni kama mgeni rasmi.

Msiyachanganye na maziwa ya kibuyu, yale machachu yanayonywewa kwa heshima. Haya yalikuwa yameoza. Yalikuwa na rangi ya usaha, na mabonge yake yalipanda na kushuka kana kwamba yanapumua. Naisula alikuwa amemwaga lita mia tatu za namna hiyo kwa mikono yake, na tangu siku ile hakuweza kutia tonge mdomoni bila kugeuza uso.

Kosa lilikuwa la namba. Kipimajoto cha tenki la kupozea maziwa kule Arash kimebandikwa ukuta wa nyuma, hatua kumi na mbili kutoka dirisha analopokelea maziwa, na namba zake ni kama punje za choroko. Yeye aliona tatu, ilikuwa nane. Mepukori, mwenyekiti wa ushirika wa maziwa, alimwambia kwa upole unaotisha kwamba yakioza tena, dirisha litapata mtu mwingine.

Mwenye duka, Modest, alivuta kola ya shati hadi puani.

"Karibu, yeyo," alisema, akimwita mama kwa Kimaasai chake cha kuuzia.

Naisula alieleza shida yake. Modest akatoa boksi la kutosha kulaza mtoto mchanga. Ndani mlikuwa na kipimajoto chenye fremu pana, vitufe vinene, na katikati namba zilizokaa kama viroboto kwenye godoro.

"Hakuna kikubwa kuliko hiki. Inchi saba."

"Inchi saba za nini?"

"Za kifaa."

"Na namba?"

Modest alijibu kwamba namba hutegemea macho ya mteja. Naisula alimtazama kama anavyotazamwa funza ndani ya nyama. Kisha akamwomba, kwa adabu zote, asimame ng'ambo ya barabara, hatua kumi na mbili, asome mwenyewe. Akipatia, ananunua viwili. Akikosea, anakunywa funda moja la chupa ile.

Wateja walikuwa wanasikiliza. Modest akacheka, akavuka.

Naisula alichomeka kifaa kwenye umeme, akatumbukiza ncha ya waya wake ndani ya maziwa. Mabonge yakasogea kuipisha. Mwalimu Antonia, aliyekuja kununua balbu, aliombwa awe shahidi.

"Ishirini na nane!" Modest aliita.

Antonia aliinama, mkono puani. "Ishirini na tatu," alisema, akatoka nje kutema mate.

Modest alikunywa. Bonge moja lilikataa kushuka, likabaki kooni likijadiliana naye. Akaenda nyuma ya duka, zikasikika sauti zisizofaa kuandikwa. Aliporudi, macho mekundu, alimpigia simu muuzaji wa jumla Arusha. Aliyepokea alimhakikishia kwamba anavyo vikubwa kabisa, vya inchi kumi.

"Sijauliza fremu," Modest alisema kwa sauti ya mgonjwa. "Chukua rula, pima urefu wa namba. Halafu kiwashe, toka nje, uhesabu hatua kumi na mbili."

Naisula alivuta kigoda, akakaa kungoja jibu.