Kura ya Saa Nne na Dakika Kumi na Mbili

Mume wangu Orrin alifariki Jumanne asubuhi akizoa theluji mbele ya gereji, na siku kumi na sita baadaye nikapewa kiti chake katika bunge la jimbo. Sikukiomba. Kwetu mbunge akifa katikati ya muhula, kamati ya chama chake wilayani hukaa na kuchagua mtu wa kuumalizia, na kama ameacha mjane hawasumbuki kutafuta mbali. Walikuja watatu jikoni kwangu, wakakuta friji imejaa sinia za viazi na nyama ya kusaga zilizoletwa na majirani kwa ajili ya msiba. Nikawapashia moto wakala. Walipomaliza nikasema sawa, kwa sababu kusema hapana kungehitaji maelezo, nami sikuwa nayo.

Hawakunificha walichokitaka. Bunge lina watu tisini na tisa. Chama chetu kilikuwa na hamsini, wale wengine arobaini na tisa, na hiyo moja ndiyo iliyotupa spika, wenyeviti wa kamati zote na hata maegesho ya karibu na mlango. Orrin alipokufa tukawa sawa kwa sawa, na kwa kanuni zetu kura zikilingana muswada umeanguka. Basi kura ya mwisho ya muswada mkubwa wa mwaka ule ikaahirishwa mpaka mjane aapishwe.

Ulikuwa muswada wa kufunga nyumba za wazee zenye vitanda chini ya thelathini. Ya mji wetu, Hesper, ina vitanda ishirini na viwili. Kimojawapo ni cha mama mkwe wangu, Borghild, mwenye miaka tisini na mmoja. Ikifungwa angehamishiwa mwendo wa saa mbili na nusu kwa gari, kwa watu wasiojua kwamba hanywi kahawa mpaka aweke kipande cha sukari katikati ya meno. Kila Jumapili alikuwa akimuuliza mwanawe, "Wiki hii umepiga kura gani?" Orrin alimjibu kila mara, hata ilipokuwa kuhusu leseni za uvuvi.

Tulimwambia kwamba Orrin amefariki. Alilia. Kesho yake akauliza yuko wapi, tukamwambia tena, akalia upya. Baada ya hapo muuguzi akaniambia niache, na mimi nikaacha.

Niliapishwa Jumatatu. Watu walisimama wakapiga makofi, nami nilikuwa nimekufa ganzi mwili mzima, kama mdomo baada ya daktari wa meno. Kitambaa cheusi walichokuwa wametandika mezani kwa Orrin kilikuwa kimeshaondolewa. Kibao cha jina hakikuondolewa, maana kiliandikwa TVEIT, na mimi pia ni Tveit. Hata kwenye ubao mkubwa wa kura ukutani hawakugusa kitu.

Jirani yangu wa kiti alikuwa Leland Kopp, mzee wa mashamba ya alizeti, ambaye alikaa na Orrin meza moja mihula minne. Alinisogezea bakuli la peremende.

"Karibu, shemeji. Kitufe cha kijani ni ndiyo, chekundu ni hapana. Ukitaka kwenda chooni nenda tu, mimi nipo."

"Kwani ukiwepo ndiyo nini?"

"Nakubonyezea," alisema, akashangaa kwamba sijui. "Hapa kila mtu anambonyezea jirani yake. Kanuni inakataza, lakini tukiifuata hiyo kanuni hatutakunywa hata kahawa."

Nikamwambia asante. Siku zile nilikuwa nasema asante kwa kila kitu, hata kwa mlango.

Jumatano, siku ya kura, kiongozi wa wabunge wetu, Curtis Brekke, alikuja akachuchumaa kando ya kiti changu. Ni mwanamume anayenukia vizuri na anayeshika bega la mtu bila kualikwa.

"Mama Tveit, najua ni siku ngumu. Sisi hatukulazimishi. Tunakuomba tu umalizie kazi ya Orrin."

"Orrin alikuwa anautaka huu muswada?"

"Aliupigia ndiyo uliposomwa mara ya pili. Hamsini kwa arobaini na tisa. Bila yeye ungekufa palepale."

"Hakuniambia."

"Wanaume bwana! Nani anaeleza mambo ya kazi nyumbani?" Akatoa ukurasa wa kumbukumbu za kikao, akauweka mezani na kugonga jina kwa kidole. "Huyo hapo. Mwenyewe."

Akaondoka. Nami niliusoma ule ukurasa kwa uvivu tu, kama mtu anavyosoma pakiti ya chumvi. Tveit, ndiyo. Nikafikiri: basi, kama alitaka mama yake ahamishwe, alikuwa na sababu zake. Ilinikera kidogo kwamba hata hilo halikuniuma. Kisha nikaona mstari wa juu, wenye tarehe na saa. Jumanne, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi.

Niliusoma tena. Dhoruba ilimfungia Orrin nyumbani tangu Ijumaa. Jumanne ile aliamka mapema azoe theluji ili gari litoke. Daktari wa Hesper aliandika kwamba amefariki saa moja na dakika tano. Mimi nilikaa pale hospitali na buti zake mapajani, wala sikumpigia mtu simu mpaka adhuhuri.

"Mzee Leland," nikasema. "Hii kura ni yako?"

Alivaa miwani. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari, na kidole kilipofika kwenye saa kikasimama.

"Alinipigia Jumatatu jioni," alisema. "Akasema, kesho nitachelewa, nilindie kiti. Basi nikamlindia."

"Alikwambia umpigie ndiyo?"

"Hakusema. Mimi nilibonyeza langu, nikabonyeza na lake. Tulikuwa chama kimoja, shemeji. Sikujua... Mungu wangu, nilikuwa nakula peremende." Macho yalimjaa maji. "Nikaseme kwa Brekke? Wakinifukuza na wanifukuze."

"Yeye angepiga nini?"

"Mihula minne nimekaa naye, na sijui. Muswada huu alikuwa anausoma kila siku, halafu anaufunga. Anausoma, anaufunga."

Kengele ya kura ikalia. Mtu hupewa sekunde sitini. Ubao ukaanza kuwaka, wetu kijani, wao nyekundu, na TVEIT ikabaki bila taa. Nilikuwa nimekaa mikono mapajani. Sikuwa na mawazo yoyote makubwa. Brekke alisimama mbele, akanitazama, halafu akamtazama Leland na kuinua kidevu.

Na Leland, aliyekuwa bado anafuta machozi kwa mkono wa kushoto, akanyoosha wa kulia kuelekea kitufe changu. Naapa hakukusudia. Miaka minane mkono ule ulikuwa ukienda pale wenyewe.

Niliufunika ubao wa vitufe kwa kiganja. Mkono wake ukagota juu ya wangu.

"Acha, mzee," nikasema. "Mwenyewe nipo."

Nikabonyeza chekundu. Arobaini na tisa kwa hamsini. Muswada ukaanguka na spika akagonga nyundo, huku wale wengine wakipiga kelele kama watu wa mpira.

Brekke hakuchuchumaa safari hii. "Umemwaibisha mume wako," alisema akiwa wima.

"Mume wangu alikuwa amelala hospitali na karatasi ya maiti kwenye kidole cha mguu mlipompigisha kura," nikamjibu. "Na bega langu usilishike tena."

Jumapili nilimkuta Borghild dirishani, shali magotini, kahawa mbele yake. Aliweka sukari katikati ya meno.

"Orrin yuko wapi?"

"Bungeni, mama."

"Jumapili?"

"Kazi zimekuwa nyingi."

Akanywa. Kipande cha sukari kikagonga kikombe. "Na wiki hii amepiga kura gani?"

Ningeweza kusema sijui. Hilo ndilo lililokuwa kweli, na mtu pekee aliyejua tulimzika kwenye ardhi iliyoganda mpaka ikabidi waipashe moto kwanza.

"Amepiga hapana, mama. Walitaka kukuhamisha, akakataa."

"Najua," alisema Borghild, na uso wake wote ukafunguka. "Mwanangu huyo namjua."

Nikashika ukingo wa meza. Nilikuwa nimembonyezea, kama Leland tu. Kilio kilichokuwa kimenigomea tangu Jumanne ile kikaja chote kwa pamoja, na mama mkwe akanisogezea bakuli la sukari, akaniuliza nani amekufa.