Maana ya Sita Ukutani

Chati ya maana za "make out" ilibandikwa juu ya kabati la vitabu, na Kidato cha Tatu waliiheshimu kama bendera. Mwalimu wa Kiingereza, ambaye wanafunzi walimwita Kamusi pale tu alipokuwa mbali, aliiandika kwa mkono wake kwa kalamu nene ya bluu. Moja, kuona kitu kwa taabu, "discern". Mbili, kuelewa, "understand". Tatu, kujifanya, "pretend". Nne, kujaza hati, "write out". Tano, kuendelea vyema, "get on".

"Vijineno viwili tu," alipenda kusema, "lakini ukoo wake mkubwa kuliko wangu."

Asubuhi hiyo, kabla ya kengele, Mheshimiwa alipanda juu ya kiti akauongezea ukoo huo mtoto wa sita.

Jina la Mheshimiwa alipewa bwenini, kwa kuwa kila upuuzi aliufanya kwa uso wa mtu anayefungua mkutano. Mwandiko wa Kamusi aliuiga bila kasoro: "6. Kulala darasani macho yakiwa wazi." Akashuka, akakipangusa kiti kwa leso, akakaa.

"Leo umekwisha," alisema Kipaza, jirani yake wa dawati, ambaye hata kunong'ona kwake kulifika uwanjani. "Mkaguzi anakuja!"

"Anakuja kipindi cha tatu. Kamusi ataiona cha kwanza, atanisimamisha, nitaifuta, nitateka maji ya adhabu. Angalau atakuwa amecheka. Mzee wa watu hajacheka wiki nzima."

Sababu ya kutocheka ilijulikana. Wazazi walikuwa wamelalamika kwamba daftari zinarudi na alama za vema zinazoelea pembeni, kwenye jibu sahihi na kwenye kosa bila ubaguzi. Mkaguzi angetazama kipindi kimoja, kisha aandike kama Kamusi abaki au apumzishwe. Mwenyewe aliwatangazia darasani, kwa sauti ile ile aliyotumia kutangaza mtihani.

Kwa miaka mitatu mchezo wao ulikuwa na sheria moja. Mheshimiwa anatenda, Kamusi anaona, na kabla hajaweka mkoba mezani anasema, "Mheshimiwa, simama." Hakuwahi kukosea, ingawa mara nyingi vicheko vya darasa vilimtangulia. Kukamatwa na Kamusi kulikuwa nusu ya raha.

Kengele ikalia. Kamusi akaingia, na nyuma yake akaingia mwanamke mwenye faili, akaenda moja kwa moja kukaa dawati la mwisho. Mkaguzi hakungoja kipindi cha tatu.

Mheshimiwa akamkodolea macho mwalimu wake, akiomba akamatwe upesi, kabla mgeni hajafungua kalamu. Kamusi aliigeukia chati. Alikuwa hatua mbili tu kutoka ukutani. Akaitazama kuanzia juu hadi chini.

"Make out," akasema. "Ina maana tano."

Hakuna aliyecheka. Kamusi akainua fimbo yake. Aliposema moja, ilitua kwenye mbili. Aliposema mbili, ilitua kwenye tatu. Darasa liliitikia kwa utiifu wa kutisha, na fimbo ikaendelea kutelemka, kila mara mstari mmoja chini ya ukweli. Kwenye "kuendelea vyema" ikatulia barabara juu ya kulala macho wazi.

Ndipo Mheshimiwa alipoelewa zile alama za vema. Akaelewa kwa nini siku hizi Kamusi hutembea akigusa kila dawati, na kwa nini humtaja mtu baada tu ya kumsikia akikohoa. Darasa zima waliviona vitu hivyo na kuvigeuza vichekesho, na yeye ndiye aliyeongoza kwa kuviigiza.

"Samahani, mwalimu," mkaguzi akasema. "Mimi naona maana sita."

Fimbo ilibaki pale pale.

Mheshimiwa akasimama bila kuambiwa. "Ni mimi, mama. Nimeiandika sasa hivi, mwalimu alipogeuka kukupa kiti. Hakupata nafasi ya kuiona."

Ulikuwa uongo wa haraka wenye matundu, lakini ulimwachia Kamusi mlango wazi; kilichobaki ni yeye kupita.

Kamusi aligeuza uso upande ilikotoka sauti. "Nisomee ulichoandika."

Mheshimiwa akasoma, kwa sauti ndogo isiyo na uheshimiwa wowote. Mtu mmoja akapaliwa na kicheko. Kamusi mwenyewe akacheka, kifupi, kama aliyetekenywa.

"Mama," akasema, "mtoto huyu ananisitiri. Sijakupa kiti, umejikalia mwenyewe. Chati ile siioni. Tangu muhula uliopita naona kitu cheupe ukutani, basi. Niliogopa kupumzishwa, nikanyamaza, na kazi za watoto wa watu nikazisahihisha kwa kubahatisha. Kosa ni hilo, na ni langu. Hili la ukutani ni utoto tu."

Mkaguzi aliweka kalamu juu ya faili. "Na somo lenyewe?"

"Somo liko kichwani."

"Basi fundisha. Bado una nusu saa."

Akafundisha. Hakugusa ukuta tena. Kila maana aliitungia kisa, na kalamu ya mkaguzi ikasahaulika juu ya faili. Kengele ilipolia, mgeni alimfuata mbele. "Daftari usishike mpaka daktari akuone. La kubaki siwezi kukuahidi, litasubiri jibu la daktari. Nitaandika nilichokiona, chote."

"Ndicho ninachoomba," alisema Kamusi.

Mlango ulipofungwa, akaita, "Mheshimiwa."

"Nimesimama, mwalimu."

"Ndoo kumi. Tano za chati, tano za kunisemea uongo."

"Sawa, mwalimu."

"Halafu lete karatasi mpya. Mimi nitasema, wewe utaandika."

"Kwa mwandiko wako?"

"Kwa wako. Pakiwa na kosa, watu wajue wa kumuuliza."

Mheshimiwa alifungua kalamu, akasita. Mwandiko wake mwenyewe hakuwahi kuutumia kwa jambo lolote la maana. Herufi ya kwanza ilitoka imepinda. Akaitazama, akaiacha hivyo hivyo, akamalizia neno, akangoja la pili.