Namba za Bi Mdogo

Noeline alilichukia lile gari kabla hata halijapakiwa melini. Studebaker ya mwaka 1956, ndefu ajabu, rangi ya maziwa na kijani, imenunuliwa California kwa kutazama picha tu, na mwanamume wa miaka sabini na minne ambaye hata shati huchaguliwa na mkewe! "Selwyn ananiletea mke mwenza," aliwaambia majirani wa mji wao mdogo wa Hāwera, na tangu hapo gari likaitwa Bi Mdogo. Selwyn naye akalipenda jina hilo, jambo lililomuudhi Noeline zaidi.

Bi Mdogo akiwa bado baharini, macho ya Selwyn yakaharibika. Daktari akapima, akapima tena, kisha akamwondolea leseni ya udereva. Selwyn hakubishana. Alirudi nyumbani, akavua viatu, akakaa. Maisha yake yote alitengeneza malori ya kiwanda cha maziwa, na hili ndilo gari la kwanza alilolitaka kwa kulipenda tu. Jioni ile alimpigia simu mtu wa Hamilton, mji wa mbali, aitwaye Graeme, akamwahidi kumuuzia. Graeme alikuwa na sharti moja: gari lisajiliwe kwanza. Siku litakapopata namba angekuja kulichukua palepale kwenye kituo cha ukaguzi.

Noeline alimwambia mumewe angeweza kuendesha yeye. Alikulia shambani, alianza na trekta kabla ya kubalehe, na kila wiki alikwenda dukani na kigari chake cha Suzuki. Selwyn alikataa katakata.

"Sijazoea kupelekwa," alisema. "Nikae upande wa abiria, nikumbatie mkoba wako? Hapana, mama."

Na kweli hakupelekwa. Alikaa nyumbani miezi, chai ikipoa mbele yake, karakana imefungwa. Noeline akajikuta hamchukii tena Bi Mdogo. Alijua wazi kwamba gari lile likienda Hamilton, na huyu mzee wake hatatoka tena kitini. Kumlazimisha hakuweza. Selwyn alikuwa na kichwa kigumu cha kurithi, ukoo mzima ndivyo walivyo.

Hatimaye meli ikafika, na siku ya ukaguzi jirani yao alilivuta gari kwa trela, nao wakapanda kwenye lori lake. Mkaguzi alikuwa mwanamke wa Kimaori aitwaye Ngaire, ovaroli yake imejaa grisi, uso umejaa kicheko.

"Mzee, mrembo huyu umemtoa wapi?"

"California, mwanangu."

"Na usukani umemwachia hukohuko kushoto?"

"Sheria inaruhusu. Gari likishazeeka haliulizwi."

"Afadhali lenyewe," alidakia Noeline. "Wewe umezeeka na kila siku unaulizwa."

Ngaire alicheka hadi akashika kiuno. Kisha akaacha mzaha na kufanya kazi. Alilala chini ya gari akigonga vyuma kutafuta kutu. Akamulika tochi kusoma namba ya chasisi, akapima breki, akavuta mikanda ya viti kwa nguvu zake zote. Selwyn alisimama pembeni anaisokota kofia yake kama mtu anayengoja majibu ya hospitali. Noeline alimtazama na moyo ukamuuma. Kama lisingepita, pengine lingebaki. Lakini kumwombea mumewe aibu ya kufeli, hilo pia hakuweza.

Lilipita.

Ngaire alileta namba, nyuma na mbele, akazikaza kwa skrubu. Selwyn alipiga goti akazipapasa kwa vidole, herufi moja baada ya nyingine. "Sasa ni mwenyeji," alisema. "Ni wetu rasmi." Halafu akamkumbuka Graeme, akainuka, akajipangusa goti ambalo halikuwa na vumbi.

Graeme hakuwa amefika. Ngaire alilitoa gari nje kupisha jingine, akaliacha uani linanguruma, na papo hapo mvua ya mkoa wao wa Taranaki ikaanguka bila kubisha hodi.

"Kimbilieni ndani ya gari!" aliwapigia kelele. "Mtalowa!"

Wakakimbia. Hapo ndipo mazoea yalipowashika. Kwa miaka hamsini mume na mke hawa walikuwa wameyaendea magari kwa namna ileile: Selwyn mlango wa kulia, kwa dereva, Noeline mlango wa kushoto, kwa abiria. Hakuna aliyewaza. Noeline aliingia kushoto, akafunga mlango, akaweka mkoba mapajani, akafunga mkanda. Alipotaka kujifuta maji usoni kiwiko chake kikagonga honi.

Bi Mdogo akalia kwa sauti nene. Wote wawili wakaruka.

Usukani ulikuwa tumboni kwa Noeline. Selwyn, upande wa kulia, alikuwa amenyoosha mikono mbele na hana cha kushika. Walitazamana. Noeline ndiye aliyeanza kucheka, kisha Selwyn, wakacheka mpaka vioo vikaingia ukungu.

"Nimekaa mahali pangu," alisema Selwyn akihema.

"Na mimi pangu. Usukani ndio uliohama, baba."

Selwyn akaacha kucheka. Alikuwa anapapasa mlango wa kulia, kiti cha kulia, mahali alipokaa maisha yake yote.

Kioo upande wa Noeline kikagongwa. Mtu amejifunika koti kichwani. "Mimi Graeme! Mama, wewe ndiye dereva?"

Noeline hakujua jibu lilitoka wapi. "Ndimi."

"Basi unaweza kuteremka, nilichukue gari."

Hakuteremka. Mikono ilishika usukani yenyewe. "Mwenye gari ni mume wangu," alisema. "Muulize yeye." Na akaogopa, kwa sababu hakutaka kitu kingine duniani ila Selwyn akatae kuuza.

Selwyn aliupapasa tena mlango wake. Mvua ilipiga paa. Kisha akainama kuelekea dirishani.

"Ndugu yangu, nisamehe sana. Nilidhani sina dereva. Kumbe ninaye."

"Mzee! Nimetoka Hamilton alfajiri!"

"Una haki ya kunitukana. Nitukane tu."

Graeme alitukana kidogo, kistaarabu. Noeline akafungua mkoba akampa skonzi zote za jibini alizooka kwa ajili ya safari, na sahani yake, naye akazipokea kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

Wakatoka uani. "Shika kushoto, kushoto!" alipiga kelele Selwyn. "Nimeshika! Nyamaza basi!" Barabara ilikuwa tupu, malisho pande zote, ng'ombe wameipa mvua migongo.

Maradhi ya Selwyn yalikuwa yamemla katikati ya macho, pembeni yakamwachia. Kitu alichokielekezea macho kilipotea, na kilichobaki kando ndicho alichokiona. Noeline hilo alilijua, ila siku zile hakuwa analikumbuka kila mara. Alimtupia jicho, akamkuta ameukazia macho mlima wa Taranaki, umefunikwa wote na mawingu, mbali mbele yao.

"Unatafuta nini huko? Mlima hauonekani leo."

"Siutafuti mlima," alisema Selwyn bila kugeuza uso. "Nakutazama wewe."