Jina Lililokosa wa Kuliita

Mtoto alikuwa na siku tano duniani na bado hana jina, na kosa halikuwa lake. Kosa, ukimuuliza dada yake Zuleica wa miaka kumi na mmoja, lilikuwa la baba yao Abudo, aliyerudi Quionga, kaskazini mwa Msumbiji, kutoka kambi ya gesi kule Palma na likizo ya wiki moja, buti mpya na ubishi.

Jambo lenyewe lilikuwa jepesi. Binti wa kwanza, yaani Zuleica, alipewa jina la bibi mzaa mama. Binti wa pili ilikuwa zamu ya bibi mzaa baba. Bibi huyo ni Hadija. Kwenye kitambulisho ameandikwa Cadija, kama serikali inavyopenda kuandika kwa Kireno. Aliingoja zamu yake miaka kumi na mmoja. Doti ya kanga ya kumpa somo wake, huyo mjukuu atakayechukua jina lake, ilikuwa sandukuni tangu tumbo la mkwewe halijaonekana vizuri.

"Jina la mama nalipenda," Abudo alisema, "lakini linatamkika namna mbili. Nyumbani tutaliita hivi, shuleni na ofisini watalisoma vile. Mimi kambini naitwa Abado, mara Abidu, na naitika, maana nisipoitika sina kazi. Nimechoka kuitikia jina lisilo langu. Mwanangu yasimpate hayo. Aitwe Zulfa. Zulfa ni Zulfa kwa kila mtu."

Mkewe Wahida, aliyekuwa kitandani na mtoto, akamgeuzia mtoto titi la pili. Bibi naye aliyasikia yote kutoka uani. Alichosema ni, "Mtoto ni wenu," akaenda kukuna nazi, akakuna nyingi kuliko mchuzi wa siku ile ulivyohitaji.

Siku ya sita Abudo alichoka kubishana na watu wasiomjibu. "Haya, Zuleica, wewe ndiye utakayembeba mgongoni. Chagua wewe. Kesho asubuhi watu wa registo, wanaoandikisha vizazi, wako shuleni, na mchana tunamnyoa nywele." Alilisema kwa mzaha, lakini neno lilikuwa limeshamtoka, na Zuleica hakuwa mtoto wa kuachia neno la mkubwa lipotee bure.

Aliona heri amuulize mwenye jina. Alimkuta amekaa juu ya mbuzi, kizio cha nazi mkononi.

"Mke mwenzangu," alimwambia, kwa utani wao wa bibi na mjukuu, "hivi jina lako hasa linatamkwaje?"

Bibi akacheka. "Mama yangu aliniita Hadija. Akaja karani wa Kireno akasoma Kadija. Babu yako Hassane akalisikia, akaona raha kweli. Basi mpaka anakufa aliniita Kadija kwa kunichokoza. Mimi namtukana kwanza, halafu naitika."

"Na sasa ni lipi?"

"Sasa?" Mkono wa Bibi ukasimama. "Sasa sina. Mimi ni Mama Abudo. Ni Bibi. Ni shikamoo. Tangu babu yako afe, mwaka wa kumi na nne huu, hakuna aliyeniita kwa jina. Wenzangu niliocheza nao wote wameshazikwa. Litatajwa tena siku nikizikwa mimi, na siku hiyo nitakuwa sisikii."

Akaendelea kukuna. Zuleica ndiye aliyetaka kulia. Alimwonea bibi yake huruma, na hapohapo akamkasirikia baba yake, buti zake na kambi yake.

Alimkuta barazani akizipiga dawa buti hizo.

"Baba, mtoto akipewa jina la Bibi, wewe utamwitaje?"

"Nitamwita Mama. Nitamtajaje mama yangu kwa jina?"

"Na mama je?"

Sauti ya Wahida ikatoka ndani, ya kwanza katika kesi hii yote. "Mimi? Si mama mkwe wangu huyo! Nitamwita Bibi."

"Kwa hiyo siku sita mnalumbana juu ya jina ambalo hata mmoja wenu hajalitaja," Zuleica alisema, "wala hatalitaja. Huko shuleni na ofisini watalikosea, lakini angalau wao wataliita. Hapa nyumbani nitaliita mimi."

"Watamkosea mwanangu kama wanavyonikosea mimi."

"Nitamfundisha kuwasahihisha. Nimeshachagua, baba. Wewe ndiye uliyesema."

Ndani, Wahida akacheka. Abudo aliendelea kuisugua buti ileile iliyokwisha kung'aa.

Asubuhi, kwa kuwa Wahida hajatimiza arobaini yake na hatoki nje, Zuleica ndiye aliyembeba mtoto hadi shuleni, baba mbele, Bibi na mkongojo wake nyuma. Abudo aliandikisha, wakaambiwa wakae wangoje. Watu walikuwa wengi. Karani, mwanamke wa kutoka Pemba, mji mkuu wa jimbo, aitwaye Verónica, alikuwa akiita kila karatasi inapokamilika.

"Cadija Abudo Hassane!"

Akalitamka Kireno kabisa: Kadija. Zuleica akaanza kuinuka na mtoto, lakini hata hajasimama vizuri, nyuma yake sauti ikaitika, nyembamba na ya haraka, sauti ya msichana aliyeitwa na wa kwao:

"Abee!"

Watu wakaangua kicheko. Verónica akanyanyua macho kumtafuta mtoto mchanga, akamwona ajuza amesimama wima, mkongojo ameuacha chini.

"Senhora," Abudo akasogea mezani, "jina hilo halitamkwi hivyo..."

Bibi akamvuta shati. "Mwache," alisema. Macho yalikuwa yamemjaa machozi na hakuyafuta. "Mwambie aniite tena."

Abudo akamgeukia yule karani, na kwa Kireno chake cha kambini, akamwomba tafadhali arudie.