Lugha ya Kumfungia Mtu Nje

Siku Yudith alipopandishwa milimani Vidunda, bibi harusi mpya kutoka Kilosa mjini, mashangazi wa mume wake walijaa jikoni wakipiga soga kwa Kividunda, naye ameinamisha kichwa haelewi hata neno. Mama mkwe wake, Mama Kasian, akagonga mwiko kwenye chungu. "Jamani, nyumba hii haina lugha ya kumfungia mtu nje," alisema. "Semeni Kiswahili, mkwe wangu asikie." Yudith akampenda mama yule tangu siku hiyo.

Mume mwenyewe, Kasian, aliishia darasa la saba. Alikuwa na Kiingereza cha kuombea maji, na hata hayo maji nadhani asingepewa. Yudith ndiye aliyemaliza kidato cha nne. Kwa hiyo hoteli moja ya watalii kule Mikumi ilipotafuta wahudumu wa mezani, Kasian alimbembeleza mkewe amfundishe. Walikubaliana kwamba akipata kazi watapanga chumba Mikumi, na Yudith naye atatafuta nafasi ya kusomea ualimu. Hilo ndilo lililomfanya afundishe kwa moyo.

Walisomea jikoni, mama akichambua maharage pembeni. Yudith hakumsumbua mumewe na sarufi. Alimfundisha kwa kazi za nyumbani zilezile alizozijua. Mbuzi akikata kamba, *the goat ran away*. Wakimaliza kupika, wakizima moto, *put out the fire*. Alimweleza kwamba *look* ikikaa na *for* unatafuta jembe, ikikaa na *after* unamtunza mgonjwa, na kwamba Kiingereza cha kila siku kimejaa vineno vidogo vya namna hiyo. Kasian alivisahau kama mpishi mvivu anavyosahau chumvi. "*Wait me*," angesema. "*Wait for me*," Yudith angemrudisha, hata mara kumi, bila kuchoka.

Na kwa sababu nyumba ile ilikuwa na sheria yake, kila sentensi ya Kiingereza ilifuatwa na Kiswahili chake, mama asikae kama mgeni jikoni mwake. Mama alifurahi sana. "Kumbe hata mbuzi wa Mzungu hukimbia," alisema, wakacheka wote watatu.

Kasian alipata kazi. Mwanzoni alirudi kila mwisho wa mwezi na sukari na kanga ya mama. Baadaye akawa anapiga simu tu. Baadaye hata simu ikawa haipokelewi, na chumba cha kupanga kikawa hakipatikani, kana kwamba Mikumi nzima imejaa watu. Yudith alilima shamba la mteremkoni peke yake, akamuuguza mama miguu ilipovimba, akamwogesha. Shukrani ya punda ni mateke, wanasema, lakini punda angalau hajafundishwa na mtu.

Kasian akaja Jumapili moja baada ya ibada, na viatu vya mjini ambavyo njia ya mlimani ilikuwa imevichuna.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu jikoni, maharage yako motoni."

Akaketi kwenye kigoda. Yudith alimpa maji, akayapokea bila kumtazama. Mambo ya kuachana, huko kwao, husemwa mbele ya wazee wa pande zote mbili, mshenga akiwepo, na mwanamume huulizwa maswali mpaka jasho limtoke. Kasian alilijua hilo na hakuwa na ubavu wa kulikabili. Akakohoa, akaanza kwa Kiingereza, kwa sauti laini ya kumkaribishia mgeni chai.

"*I have moved in with someone. I am not coming back to you. Don't wait for me.*"

Hakusahau hata kineno kimoja. Kilichomchoma Yudith kuliko yote ni hicho, kwamba kila neno lilikuwa mahali pake. Akamchukia pale pale.

Mama, akipepeta mchele kwenye ungo, alikuwa anatabasamu. "Msikie mwanangu anavyomwaga ung'eng'e. Amesemaje?"

"Sheria ya nyumba unaijua," Yudith alimwambia mumewe. "Mwambie mama kwa Kiswahili."

Kasian akamgeukia mama. "Nimemwambia kazi imenibana, mama. Avumilie kidogo, nitakuja kumchukua."

"Hapana, mama," alisema Yudith. "Amesema anaishi na mwanamke mwingine. Harudi kwangu, na nisimsubiri."

Mkono wa mama ukasimama juu ya ungo. Alimtazama mwanawe, mwanawe akatazama viatu vyake. Mzazi haambiwi uso wa mtoto wake una nini. Alijua, na Yudith aliona kwamba amejua, akangoja asikie mwiko ukigonga chungu.

"Labda hukumsikia vizuri, mwanangu," mama alisema kwa upole. "Wewe ulisoma zamani. Mwenzako siku hizi anaongea na Wazungu wenyewe."

"Mama, mimi ndiye niliyemfundisha."

"Najua."

Kisha mama akageuza kigoda chake kuelekea kwa Kasian, akashusha sauti, na akamuuliza jambo kwa Kividunda. Kasian akajibu kwa Kividunda, kwa kirefu, bila woga tena. Wakaendelea hivyo, mama akiuliza, mtoto akieleza. Yudith aliambulia jina la Mikumi, na mara mbili jina lake mwenyewe.

 Yudith akainuka, akachota maji kwenye ndoo, akayamwaga juu ya moto, maharage yakiwa bado hayajaiva. Hakuna aliyemuuliza kwa nini.