Njia Iliyohamia kwa Wanza

Nyumba ya Wanza ilipigwa X nyekundu Jumatatu asubuhi, na kufikia saa za chakula cha mchana hakukuwa na mwanafunzi wa chuo ambaye hajaiona. Ilipakwa ukuta wa mbele, chini ya dirisha la Shanice, mmoja wa wapangaji wake, na rangi ilikuwa imechuruzika hadi kwenye msingi.

Wanza, ambaye wapangaji na majirani walimwita Mama Mukonyo, alikuwa mama wa Kikamba, muuza nafaka sokoni Voi tangu ujana wake. Nyumba ile ya kupangisha wanafunzi aliijenga kidogo kidogo. Alichimba msingi, akapandisha mawe hadi magotini, kisha mvua zikagoma, biashara ikalala, naye akaiacha ploti miaka minne ikiota magugu. Aliporudi alipandisha kuta juu ya msingi ule ule, akaezeka, na wapangaji wakaingia kabla simenti haijakauka vizuri. Hakuwa na mali nyingine ya kumtunza uzeeni.

Aliyepaka X alikuwa Ronald, afisa wa mipango wa kaunti, kijana mpole wa sauti ya chini. Alinyoosha utepe wake kutoka ukingo wa barabara hadi ukutani, akaurudia tena, akatikisa kichwa.

"Mama, ramani tuliyokuidhinishia inasema uache mita sita mbele. Hapa naona tatu."

"Mwanangu, fundi alipima sita. Nilisimama hapa hapa nikimtazama."

"Basi nionyeshe bikoni zako za mbele, zile alama za mpaka zilizozikwa, tupime kutoka hapo. Nitarudi Ijumaa. Zisipopatikana, vyumba vya mbele vitabomolewa."

Mpima ardhi wa mjini alikuwa na kazi hadi mwezi uliofuata. Kwa hiyo Wanza na fundi wake Muinde walishika majembe wakachimba ukingo mzima wa barabara, kona hadi kona. Walipata kandambili moja ya kushoto, mizizi ya mgunga, na chupa. Bikoni hata moja hawakuiona.

"Labda greda ilizing'oa," Muinde alisema, akijifuta jasho.

"Labda wewe ulipima ukiwa na njaa," Wanza alimjibu.

Shanice alichungulia dirishani, kitabu mkononi. "Mama Mukonyo, tuanze kufunga virago ama tumalize mitihani kwanza?"

"Wewe soma! Nyumba haianguki kwa macho."

Alisema hivyo kwa ukali, kisha akarudi kuchimba kona ile ile.

Tena kilichomuuma zaidi ni kwamba alijua balaa ilitoka wapi. Ng'ambo ya barabara aliishi Mzee Mwandawiro, Mtaita wa Werugha aliyestaafu ualimu akabaki Voi na mbuzi wake. Magari ya wanafunzi na walimu wao yalikosa pa kusimama mbele ya nyumba ya Wanza, yakawa yanaegeshwa barabarani, kisha kwenye lango la mzee. Mara mbili mzee alikosa ibada ya asubuhi kwa sababu gari dogo la buluu lilimzibia lango na mwenyewe yuko darasani. Alilalamika kwa Wanza. Wanza akamwambia barabara ni ya serikali. Mzee akavaa koti, akaenda kwa serikali.

Alhamisi jioni, Wanza alimeza kiburi chake akavuka barabara. Alimkuta mzee akiwakatia mbuzi majani kando ya zizi, lililojengwa kuegemea ua wa mbele.

"Hodi, mzee."

"Karibu, Mama Mukonyo. Umekuja kwa heri ama kwa vita?"

"Vita umeshashinda. Kesho wananivunjia."

Mzee aliacha kukata. "Wakuvunjie nini?"

"Vyumba vya mbele. Si ndivyo ulivyotaka?"

"Mimi nilishtaki magari," mzee alisema. "Sikushtaki nyumba. Nilimwambia yule kijana, huyu mama apewe amri atafute pa kuwekea magari. Basi."

"Sasa ulimwita mtu na utepe, ukadhani atapima magari peke yake?"

Mzee aliweka majani chini. Alitazama zizi, akatazama barabara, akatazama tena zizi. Mbuzi mmoja alimvuta upindo wa shati, wala hakumfukuza.

"Wewe ulikuwa hapa miaka yote ile niliyosimamisha ujenzi," Wanza alisema, na sauti yake ilikuwa imelainika bila yeye kutaka. "Mimi nilikuwa sokoni. Msingi wangu haukuwa na miguu, mzee. Uliuona ukisogea?"

"Nenda nyumbani, mama," mzee alisema. "Kumeanza kuwa giza."

Wanza aliondoka akijua amefukuzwa kwa adabu.

Ijumaa Ronald alifika na askari wawili wa kaunti. Wapangaji walitoka wakasimama kwenye ngazi. Wanza alikuwa anatafuta maneno ya kuombea wiki nyingine, ndipo lango la ng'ambo lilipolia na Mzee Mwandawiro akatoka, amevaa koti lake lile lile la kwendea ofisini, jembe begani.

Hakumsalimu mtu. Alitembea hadi katikati ya barabara, pale tairi zinapopita, akapiga jembe chini.

"Chimbeni hapa."

"Mzee, hapo ni barabarani," Ronald alisema.

"Hapo ni kwa Mama Mukonyo. Chimbeni."

Mtu wa bodaboda alipiga honi, akaambiwa azunguke. Muinde alichimba. Nani huchimba katikati ya barabara kutafuta mpaka wa ploti? Chini ya udongo wa maramu ulioshindiliwa, jembe liligonga kitu kigumu. Muinde akapiga magoti, akapangusa kwa kiganja. Ilikuwa bikoni: simenti, na katikati yake chuma kimesimama kama kidole.

Ronald alichutama akaitazama, akaitazama na ramani. Kisha akanyoosha utepe hadi ukutani. Wanza hakuthubutu kuangalia. Alisikia tu sauti ya chini ikisema, "Sita na kitu. Mama, uko sawa."

Wapangaji walishangilia kama wanaona bao. Wanza aliketi pale pale chini, vumbini na leso yake safi, akafunika uso. Alikuwa akicheka. Muinde alidhani analia, akamletea maji.

"Barabara ilifikaje huku?" Ronald aliuliza.

"Ndugu yangu mdogo alifariki miaka ile ujenzi umesimama," mzee alisema. "Tulimzika Werugha, lakini matanga yalikaa hapa kwangu. Watu walikuwa wengi, tukafunga barabara kwa tenti. Magari yakapita juu ya magugu ya huyu mama. Tulipoondoa tenti, hayakurudi. Mvua ikaja, njia ya zamani ikawa korongo, nami nikaona ni mahali pazuri pa mbuzi. Nikasogeza ua." Alivua kofia. "Kwa hiyo ua wangu uko barabarani. Zizi nalo pia. Andika."

Ronald aliandika. Alisema ua urudishwe nyuma, korongo lijazwe, barabara irudi mahali pake, na upande wa Wanza uachwe wazi, ambao ungetosha magari sita yakisimama ubavu kwa ubavu.

"Hakuna hata moja langoni kwangu," mzee alisema.

"Hata la buluu," Wanza alisema kutoka chini.

Wiki iliyofuata Wanza aliacha nafaka zake sokoni kwa msaidizi wake, akaja na Muinde na nguzo zilizobaki za ujenzi. Waling'oa zizi wakalisimamisha upya nyuma ya nyumba ya mzee, wakajaza korongo kwa kifusi. Mbuzi walizunguka wakiwakanyaga miguu. Walipopumzika, Wanza alimimina chai.

"Ningenyamaza ungenifanya nini?" mzee aliuliza.

"Ningekuchukia mpaka kaburini. Nawe ungenenepesha mbuzi zako."

"Ni kweli ningenenepesha," alikubali. "Nilifikiria hivyo usiku kucha, nisikudanganye."

Lori la maji la chuo lilitokea kwenye kona, likasita, halafu likafuata njia ya zamani, likapita polepole juu ya kifusi. Wanza aliliangalia hadi likapotea, akamwongezea mzee sukari.