Jina Langu Chini ya Barua

Barua ilinipiga kifuani kabla sijatambua kuwa imerushwa. Nilikuwa wa nne kwenye foleni ya gari la mikate, uwanjani mbele ya ofisi ya kijiji. Ilikuwa Januari, theluji imeganda ngumu kama chokaa, na Penka alikuwa amesimama mbele yangu, kofia imemwenda upande.

"Okota," alisema. "Okota usome kazi ya mikono yako."

"Penka, kuna nini?"

"Unaniuliza mimi kuna nini? Mama yangu yuko hospitali, mapafu yamejaa maji! Miaka themanini na sita, wiki tatu amelala na koti mwilini, anachoma viti. Viti, Neda! Vile alivyonunua na marehemu baba. Kwa sababu wewe umemnyima kuni."

Muuza mikate alibaki na mkate mkononi. Niliinama, nikaokota. Ilikuwa barua ya mistari minne: ombi la kuni za majira ya baridi la Bi Tsona, mkazi wa mtaa wa juu, limekataliwa; sababu, nyaraka hazijakamilika; tarehe, karibu mwezi mmoja uliopita. Na chini, kwa herufi nzito, jina la aliyeamua: Neda Gurkova, Katibu.

Neda Gurkova ni mimi. Ila katibu sikuwa. Nilikuwa nimeachishwa kazi tangu Oktoba.

"Si mimi," nilisema.

Penka alitema mate kwenye theluji, karibu kabisa na kiatu changu. "Basi una pacha," alisema, akaondoka. Hakuna aliyecheka. Watu niliowaandikia vyeti vya ndoa, vya vifo, vya watoto wao waliokwenda Uhispania kuvuna stroberi na hawakurudi, waligeuza nyuso wakatazama mikate. Mzee mmoja alijisogeza mbele, akachukua nafasi yangu kwenye foleni. Nikamwachia.

Miaka tisa imepita tangu asubuhi ile, na nikiisimulia bado mikono yangu hupata joto.

Lazima nirudi nyuma kidogo, Julai ya mwaka uliotangulia. Meya wetu aliitwa Biser, mwanamume mnene mwenye sauti nzuri, aliyekuwa na karakana ya matairi kabla ya kuchaguliwa. Si mtu mkatili, na hilo ndilo linalonikera zaidi. Mtu mkatili unamjua, unajipanga. Biser alikuwa mvivu mchangamfu, wa kukushika bega huku akikutwika mzigo wake. Wilaya ilikuwa imehamisha kila kitu kwenye mtandao: barua huku, vyeti kule, ramani za mashamba pengine, maombi ya kuni pengine. Kila tovuti na anwani yake ndefu, na Biser hakuweza kukumbuka hata moja. Kwa hiyo aligonga ukuta uliotenganisha ofisi yake na yangu.

"Dada Neda! Barua zimepotea!"

Naenda. Hazijapotea, amefunga dirisha. Narudi kwenye meza yangu, sijakaa vizuri, ukuta tena.

"Dada Neda! Ile ramani iko wapi?"

Siku moja nilihesabu: mara kumi na nne kabla ya chakula cha mchana. Na kazi yangu mwenyewe ikinisubiri, na joto lile, na miguu yangu ya miaka hamsini na minane. Alasiri hiyo nilimwambia anipishe kiti. Nikafungua tovuti moja baada ya nyingine, nikabonyeza vile vidoti vitatu vya pembeni, nikachagua kutengeneza njia ya mkato, nikaweka alama ili kila moja ifunguke kwenye dirisha lake peke yake, isichanganyike na nyingine. Zikajipanga kwenye skrini yake, picha saba ndogo. Nikazipa majina kwa maneno yake mwenyewe: BARUA, VYETI, RAMANI, KODI, na kadhalika. Ya kuni niliiwekea picha ya mti wa msonobari.

Kila tovuti iliuliza jina na nenosiri. Ya kwake hakuwahi kuyafungua; tangu achaguliwe, bahasha ya wilaya ilikuwa droweni, gundi haijaguswa. Nikatumia yangu. Na kila ilipouliza kama inikumbuke, nikaweka alama ya ndiyo. Nilijua si sawa. Nilikuwa nimechoka, na kuchoka ni mshauri mbaya.

Biser alibonyeza msonobari, dirisha likafunguka. Akabonyeza tena. Akapiga makofi kama mtoto aliyepewa pipi.

"Dada Neda, wewe ni dhahabu! Hata mbuzi angeweza!"

Oktoba aliniita, akafunga mlango. Mezani palikuwa na sanduku la chokoleti lenye utepe. Alisema wilaya inabana matumizi, kijiji kidogo, watu mia tatu, katibu wa nini. Alisema ameumia sana moyoni.

"Na kazi atafanya nani?"

"Kazi gani, dada? Si umeirahisisha wewe mwenyewe? Siku hizi ni kubonyeza tu."

Miaka ishirini na miwili. Nilichukua sanduku lile la chokoleti, sijui kwa nini nililichukua, nikalitupa kwenye pipa la uwanjani, watu wanaona. Kisha nikaenda nyumbani nikachoma pilipili za kuweka akiba, kilo thelathini, na moshi ukanipa sababu ya macho mekundu.

Sikufikiria habari ya nenosiri. Na mtu ambaye kwa desturi angeiandikia wilaya barua, kwamba katibu ameondoka, mfungieni, alikuwa ni katibu.

Sasa nirudi uwanjani. Niliikunja barua, nikavuka theluji, nikapanda ngazi tatu za ofisi. Sikubisha hodi. Biser alikuwa anatafuna mbegu za alizeti, maganda yamerundikana kwenye kisahani juu ya karatasi za watu.

"Aa, dada Neda! Umetukumbuka! Kahawa?"

Niliiweka barua mbele yake. "Nani kaandika hii?"

Aliisoma midomo ikicheza. Alipofika chini uso wake ulitulia, kama mtu aliyepata jibu la fumbo. "Wewe. Jina lako si hili hapa?"

"Oktoba ulinifukuza."

"Sikukufukuza, nilikupumzisha."

"Biser. Nani amemkatalia mama Tsona kuni?"

Aliitazama skrini. Nikazunguka meza nikaitazama na mimi. Picha zangu saba zilikuwa palepale, kwa mpangilio uleule, kama meza uliyoandaa, ukarudi ukakuta wageni wangali wanakula.

"Sikia," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeeleza maumivu ya jino. "Ule mti wako. Kila asubuhi unaota namba nyekundu pembeni. Tano. Tisa. Siku moja kumi na sita. Inanikodolea macho tu. Sasa mimi nikibonyeza Kubali, inaniuliza: msitu gani, lori gani, tarehe gani. Najuaje mimi lori gani? Nikibonyeza Kataa, haiulizi kitu. Inaandika sababu yenyewe. Na namba inaondoka."

"Ulitaka namba iondoke."

"Ingekuwa wewe usingetaka?"

Nimewahi kukasirika maishani. Nimemkasirikia mume, nimemkasirikia daktari, nimeukasirikia mto ulipobeba nusu ya bustani yangu. Lakini hasira ile ilikuwa ya aina nyingine, haikupiga kelele. Ilishuka taratibu kutoka kichwani hadi kwenye vidole, ikakaa humo. Nilikiona kisahani cha maganda, kizito, cha kioo, na nilijua hasa kingetua wapi kwenye paji lile la uso. Nikavuta pumzi.

"Inuka," nilisema.

"Dada Neda, usianze..."

"Inuka kwenye hicho kiti."

Akainuka. Nafikiri hata yeye alishangaa.

Nilibonyeza msonobari. Haukuniuliza mimi ni nani. Orodha ilikuja: maombi arobaini na moja, yote yamekataliwa, na kila mstari jina langu. Wajane wawili wa mtaa wa mto. Mwalimu wa zamani mwenye mguu mmoja. Muuza maziwa. Niliwajua wote, najua nani ana jiko la chuma na nani bomba lake linavuja moshi. Hawa walikuwa wananiona njiani mwezi mzima, wananisalimia kwa kinywa nusu, na mimi nikadhani wananionea haya kwa sababu nimekosa kazi.

Nikaanza wa kwanza. Tengua. Kubali. Msitu wa juu. Lori la Alhamisi. Wa pili.

"Huruhusiwi!" Biser alikuwa amepata sauti. "Wewe si mfanyakazi hapa! Nitaita polisi!"

"Ita."

"Nitawaambia umevamia ofisi!"

"Waambie. Watakuuliza nani aliyebonyeza leo. Utasema Neda Gurkova. Watakuuliza nani aliyebonyeza juzi na majuzi. Utasema nani?"

Alichukua simu, akairudisha mezani.

"Sema, Biser. Utasema nani?"

Mlango ulikuwa wazi. Wazee wawili waliokuja kufuata vyeti walikuwa wamesimama koridoni, kofia mikononi, na muuza maziwa nyuma yao akichungulia. Biser aliwaona. Akaketi kwenye kiti cha wageni, akajipangusa shingo kwa leso, na hapo ndipo alipokaa mpaka saa saba mchana, nilipomaliza wa arobaini na moja. Mama Tsona nilimpa lori la kwanza kabisa.

Kisha nikatoka kwenye akaunti. Tovuti ya kwanza, ya pili, zote saba, nikiondoa kila mahali alama ile ya kukumbukwa. Picha sikufuta hata moja. Nilimwachia ajaribu kuzibonyeza mchana kutwa, na kila moja imwulize yeye ni nani.

Yaliyofuata nitayasema upesi, maana hayana heshima. Wilaya ilituma mama mmoja mwenye miwani na faili. Alikuwa mpole. Alinieleza kwamba kwa mujibu wa kumbukumbu, Neda Gurkova alikataa maombi arobaini na moja, kisha Neda Gurkova akayakubali arobaini na moja. Kuhusu Meya, mfumo hauna habari zake. Biser alipohojiwa alisema, "Mimi mambo ya kompyuta siyajui," na maneno hayo yakamkinga kama hirizi. Mimi nilipewa onyo la maandishi, katika kazi ambayo sikuwa nayo. Biser alichaguliwa tena mwaka uliofuata. Kuni zilifika, zote, hilo angalau.

Lakini siku ile ile, nikitoka ofisini, nilipanda basi la saa nane kwenda mjini, hospitali. Nilitaka mama Tsona anisikie mwenyewe kabla Penka hajamjaza maneno. Nilimkuta ameegemea mito miwili, mdogo kama mtoto, mrija puani, macho yake makali kama zamani. Penka alikuwa ameshuka kutafuta dawa.

"Ulisaini?" aliniuliza kabla sijakaa.

"Sikusaini, mama."

"Mbona jina ni lako?"

Nikamweleza. Jaribu kumweleza bibi wa miaka themanini na sita, asiyewahi kugusa kompyuta, kitu kinachoitwa njia ya mkato. Nilisema kuna picha ndogo, na nyuma ya picha kuna mlango, na mlango ulikuwa umefunguliwa kwa jina langu, na mtu mwingine akawa anaingia na kutoka. Nilieleza habari ya ukuta kugongwa na joto na mara kumi na nne. Nilieleza habari ya namba nyekundu. Nilisema mengi kuliko yaliyohitajika. Alisikiliza mpaka mwisho, kifua chake kikikwaruza.

"Kwa hiyo ulimpa ufunguo," alisema.

"Nilimpa."

"Sababu alikusumbua."

"Ndiyo."

"Na ulimjua ni mtu gani."

Nilikuwa nimekuja na hasira ya kutosha kijiji kizima, nikitaraji anipunguzie nusu yake. Hakusema amenisamehe, hakusema hajanisamehe. Aliutoa mkono chini ya blanketi, mwembamba, wa baridi hata ndani ya wodi ile yenye joto, akanyoosha kidole kwenye kabati la kando ya kitanda.

"Lile chungwa dogo," alisema. "Nimenyee. Kucha zangu zimelainika."

Nikaketi ukingoni mwa kitanda, nikalimenya. Ganda lilikatikakatika vipande vidogo. Hakuniharakisha. Nilitoa na zile nyuzi nyeupe, moja moja, zote, kisha nikampa kipande cha kwanza.